Wimbo Mmoja, Wa Kwanza Watatu

Kila wiki napata kijana mmoja mlangoni. Anakuja na gitaa mgongoni, anaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu bila kukaribishwa, anakunywa chai yangu, kisha anatoa lile swali: "Mama Masika, niweke wimbo yangu kwa internet ao nisiweke?" Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia kwamba nimeuza muziki hapa Bunia tangu wakati wa kaseti. Ni kweli. Lakini mnataka jibu la ndiyo au hapana, na mimi nimefika umri wa kutojibu swali lolote kwa neno moja. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mkiisha kusoma, msije wote siku moja.

Kwanza ijulikane kwamba mimi si mwanamuziki. Kwaya ya kanisa ilinijaribu mwezi mzima, halafu mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole kwamba Mungu anahitaji pia watu wa kufagia. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Nilikuwa na kibanda cha mbao kando ya bulevadi, barabara kuu ya mji, karibu na soko, na humo ndani watu waliniletea nyimbo nami nikazizalisha. Nilianza na kaseti, nikapita kwenye CD, nikaishia kwenye zile kadi ndogo za simu ambazo ukipiga chafya moja imepotea vumbini. Na vumbi letu mnalijua.

Aliyenifundisha ni Muzee Anatole, Mungu amrehemu, mtu wa koti hata jua likiwa kali. Hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa kaseti na kusema: "Sikiliza mupaka mwisho." Nikasikiliza dakika kumi, nikamwambia iko sawa. Akanipa tena. "Nilisema mupaka mwisho." Mwishoni kabisa, baada ya wimbo, alikuwepo mtu akimtukana shemeji yake. Kaseti ile ilikuwa ya harusi.

Nilijifunza, lakini si haraka. Mwaka wangu wa kwanza kwaya yetu ilitaka kaseti za kuuza baada ya ibada. Mwimbaji wao mkuu alikuwa shemasi mmoja mwenye sauti nzito, sauti ya kutikisa vioo vya madirisha. Umeme haukuwepo, nikarekodi kwa betri. Betri zilikuwa zimechoka na mimi sikujali, kwa kuwa mashine bado ilizunguka. Sasa sikieni kitu ambacho simu zenu haziwafundishi: mashine inayorekodi ikizunguka polepole, siku utakapoicheza ile kaseti kwenye mashine yenye nguvu, sauti inakimbia na kupanda juu. Shemasi wetu akatoka kwenye redio za watu akiimba kama msichana wa miaka saba anayewahi choo.

Alikuja kibandani Jumatatu asubuhi, ameshika kaseti kwa vidole viwili.

"Masika, huyu mutoto anaimba nafasi yangu ni wa nani?"

Muzee Anatole alicheka mpaka akavua koti, mara ya pekee niliyomwona bila koti. Alipomaliza kucheka akanituma nyumba kwa nyumba kukusanya kaseti zote. Nyumba nne zilikataa kurudisha. Watoto walikuwa wameshaupenda ule wimbo hivyo hivyo, na hadi leo kuna watu wazima mjini hapa wanaouimba kwa sauti ya kubana pua.

Nilichukua kazi hii kwa moyo wote, pengine kupita kiasi. Wakati wa vurugu, siku tuliyokimbia, kila mtu alibeba alichoweza. Mume wangu alibeba godoro na mtoto. Mimi nilibeba mashine ya kaseti. Tulipofika upande wa Aveba, tukapokewa na watu wa shamba wasio na umeme wala jirani mwenye umeme, mume wangu aliitazama mashine. "Sasa Masika, leo tutapika kaseti?" Sufuria tuliazima. Mashine ilikaa miezi imefunikwa kitenge, nami kila asubuhi naifuta vumbi, na mwenye nyumba aliamini ni kitu cha dini.

Basi, nirudi kwenye swali lenu. Ili nilijibu ni lazima niwaeleze habari za Dieumerci, na ili nieleze habari zake ni lazima tuzungumze juu ya mabanga.

Ninyi mnayajua, lakini huenda msomaji wa mbali hayajui. Libanga ni jina la mtu linalotupwa ndani ya wimbo. Mwimbaji anaimba mapenzi, gitaa linalia, halafu ghafla katikati ya machozi yake anamtaja mfanyabiashara fulani na duka lake. Aliyetajwa anafurahi, anakuwa mdhamini, anakusaidia. Nyumbani kwetu wimbo usio na libanga hata moja watu wanauonea huruma.

Dieumerci alikuwa mwimbaji mzuri kuliko wote waliopita kibandani kwangu, na mwoga kuliko wote. Hakuweza kumkatalia mtu. Alikuwa na wadhamini watatu. Wa kwanza Papa Kasereka, muuza simenti na mabati, aliyetoka Butembo kama mimi. Wa pili Mama Régine, mwenye duka la vitenge. Wa tatu Papa Mugisa, mwenye ng'ombe na maziwa. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kutajwa. Siyo kutajwa tu, wa kwanza. Papa Kasereka alisema wazi kwamba jina lake likitajwa nyuma ya jina la muuza vitenge, yeye hana wimbo wa kusikiliza.

Dieumerci alikuja kwangu kuniomba nimwokoe. Mimi nikamwambia, kwa kiburi cha fundi, kwamba hiyo si shida. Tulirekodi wimbo wake ukiwa na nafasi tupu baada ya kiitikio, gitaa peke yake. Kisha tukarekodi majina pembeni, na kila jina nikalibandika kwenye nakala yake. Ukienda kwa Papa Kasereka unasikia: "Papa Kasereka, Baba wa Simenti, wa kwanza na wa pekee aliyenifuta machozi!" Kwa Mama Régine, wa kwanza na wa pekee ni Mama Régine. Kwa Papa Mugisa vilevile. Kadi zao nilizitenga katika visanduku vitatu vya kiberiti, na wateja wengine nikawapa kufuatana na mtaa wanaokaa. Wa karibu na duka la simenti walipata simenti.

Ushauri wa kazi, maana nimeahidi kuwafundisha kitu: ukirekodi libanga, usimruhusu mwenye jina aje kusikiliza. Akija ataongeza cheo. Kesho ataongeza watoto. Nilikuwa na mteja mmoja aliyerudi mara tatu, na safari ya mwisho alitaka tumtaje pia fundi aliyemjengea nyumba.

Miaka ilikwenda hivyo na hakuna aliyegundua. Nilijivunia ule uongo. Nauita uongo leo, wakati ule niliuita huduma.

Ndipo ikaja hii mitandao yenu. Dieumerci akaingia kibandani siku moja anang'aa uso.

"Mama, watu wa Kampala, wa Kinshasa, hata wa Ulaya, wote wanaweza kunisikia. Naweka wimbo mara moja tu, iko pale. Niweke?"

Nikamwambia asiweke. Nilimpa sababu nyingi. Nilisema sauti ikienda mbali hivyo inachakaa. Nilisema huko wimbo wake utakaa katikati ya mamilioni na hakuna atakayeuona, na hapo walau sikudanganya. Nilimwambia hata kwamba mtu akikusikia bure hakuheshimu. Sababu ya kweli sikuitaja: niliogopa. Kila mtu akipata wimbo hewani, nani atakuja kibandani kuomba kadi? Nilikuwa nalinda meza yangu, nikamwambia mtoto wa watu kwamba namlinda yeye. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hakunisikiliza, na alifanya vizuri. Lakini na mabanga je? Kule mtandaoni hakuna visanduku vya kiberiti. Wimbo ni mmoja, unasikiwa na wote. Dieumerci alikuwa ameshafikiri, na fikira zake zilikuwa za mtu mwoga mwenye akili.

"Nimeweka zote tatu, Mama. Jina la wimbo ni moja, lakini ziko tatu. Kila mudhamini nimemutumia yake kwa simu. Anabonyeza pale, anasikia jina yake, anafurahi. Atatafuta nyingine ya nini?"

Nikasema kweli huyu kijana amenipita.

Wakati huo alikuwa anataka kuoa. Binti mwenyewe aliitwa Furaha, mwalimu wa darasa la tatu, mpole wa sauti lakini darasa lake halikuwa na kelele. Baba yake, Muzee Kiiza, alikuwa mfugaji wa zamani kutoka upande wa Djugu, na mahari kwake ilikuwa ng'ombe, si maneno. Dieumerci alikuwa na gitaa. Ng'ombe hakuwa nao. Wadhamini wake watatu ndio waliomwokoa: kila mmoja aliahidi kutoa ng'ombe mmoja, na wa nne mjomba wake angemtafuta. Kila mmoja, bila shaka, akiamini kwamba anatoa kwa sababu yeye ndiye wa kwanza na wa pekee. Mmoja akijitoa, mahari imepungua. Wakijitoa wote, Dieumerci arudi kwa mama yake.

Siku ya kupeleka mahari ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwa Muzee Kiiza. Tulikuta hema, viti vya plastiki, ng'ombe wanne wamefungwa kwenye ua wanatafuna, na wadhamini watatu wameketishwa safu ya mbele, bega kwa bega. Mimi nilikuwa nimekuja na kadi niliyoifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilikuwa nimetengeneza nakala safi isiyo na jina hata moja, kwa ajili ya siku hiyo. Nikampelekea kijana wa muziki, aliyeketi pembeni na simu yake na spika.

Akaiangalia ile kadi, akaniangalia mimi.

"Mama, hii naingiza wapi? Simu yangu haina tundu ya kadi. Usijali, wimbo ya bwana arusi iko kwa internet."

Kabla sijafungua mdomo, spika zilikuwa zimeshaanza.

Watu walipiga vigelegele. Wimbo ulikuwa mzuri, lazima niseme. Ukafika kwenye kiitikio, ukapita, gitaa likabaki peke yake. "Papa Kasereka, Baba wa Simenti, wa kwanza na wa pekee aliyenifuta machozi!" Papa Kasereka akainuka. Akacheza hatua mbili mbele ya wazee, akainua mkono, akaketi tena na uso wa mtu aliyemaliza. Mama Régine alikuwa ameacha kupiga makofi. Papa Mugisa alimgeukia Dieumerci taratibu sana.

Nilijiambia, sawa, mmoja amefurahi na wawili wamenuna, tutawaomba msamaha kesho. Nilikuwa sijui ile mitandao. Ina tabia moja: wimbo ukiisha, yenyewe inatafuta mwingine unaofanana nao na kuucheza bila kuulizwa. Na niambieni, ni wimbo gani ulimwenguni unaofanana na wimbo wa Dieumerci kuliko wimbo wa Dieumerci?

Gitaa lilelile likaanza tena. Watu wakadhani ni kwa sababu umependwa. Dieumerci alijua. Nilimwona ananyanyuka kwenda kwa kijana wa muziki, mjomba wake akamvuta koti, maana bwana harusi hatembei ovyo mbele ya wakwe. "Mama Régine, malkia wa vitenge, wa kwanza na wa pekee aliyenifuta machozi!" Mama Régine akaruka juu, akapiga kigelegele kimoja, kisha akakikata katikati. Alikuwa amekumbuka dakika tano zilizopita.

"Wa pekee?" Papa Kasereka akauliza. "Na miye hapa ni nani?"

"Mimi pia nauliza," akasema Mama Régine.

Papa Mugisa alikuwa ameshaelewa. Alikunja mikono akasema, "Tungoje. Inakuja." Na ikaja. Wimbo ulianza mara ya tatu, hakuna aliyecheza. Tulisikiliza wote mpaka Papa Mugisa, Baba wa Maziwa, naye akawa wa kwanza na wa pekee. Hapo ndipo kijana wa muziki alipopata akili ya kuzima.

"Ngombe yangu inarudi," akasema Papa Kasereka. "Sasa hivi. Leteni kamba."

"Na yangu," akasema Mama Régine.

Dieumerci alikuwa amesimama, mjomba wake bado amemshika koti. Ndugu zake waliangalia chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini nikasimama, kwa sababu kama si mkono wangu ule uongo usingekuwepo. Nikasema: "Wazee, huyu kijana musimuue peke yake. Ni miye nilikata, ni miye nilibandika. Kila jina ile, nilibandika na mikono yangu." Papa Kasereka akanitazama kwa uchungu. Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. "Hata weye, Masika? Muntu wa kwetu?"

Basi wakati wanaume wanakwenda kufungua kamba, Furaha akatoka ndani. Desturi haikumruhusu kutoka kabla ya kuitwa, na shangazi zake walimfuata wakimshika nguo. Hakupandisha sauti.

"Nimesikiliza mara tatu," akasema. "Wimbo ya arusi yangu. Nimesikia simenti, nimesikia kitenge, nimesikia maziwa. Jina yangu iko wapi?"

Ilikuwa kweli. Wimbo mzima ulikuwa "mpenzi" na "kipenzi" na "ua langu". Katika nakala zote tatu, nilizozisikiliza mimi mara mia, jina la Furaha halikuwemo, na hakuna mmoja kati yetu aliyeliona hilo. Dieumerci aliogopa wadhamini watatu mpaka akamsahau anayemwimbia.

Wa kwanza kugeuka alikuwa Mama Régine. Alimgeukia Dieumerci mikono kiunoni. "Kumbe! Bibi arusi haiko hata mara moja? Weye kijana huna haya?" Papa Mugisa akatikisa kichwa, akasema hata yeye aibu imempata. Papa Kasereka alikuwa bado ameshika kamba, lakini sasa aliishika kama mtu aliyesahau alitaka kufanya nini. Ghafla wale watatu walikuwa upande mmoja, nao walikuwa wamekasirika kwelikweli, kwa niaba ya Furaha. Ugomvi wa nani ni wa kwanza ulikuwa umekufa, maana jibu lilikuwa limesimama mbele yao.

Muzee Kiiza alingoja watulie. "Ngombe zilale hapa," akasema. "Hazirudi, na siye bado hatujazipokea. Kijana aende, aimbe upya. Iwe wimbo moja, na jina moja. Halafu aiweke kule kwa internet, pale dada yangu wa Aru ataisikia, na watoto wangu wa Kampala, na nyinyi wote, kitu kilekile. Sitaki tena kadi ya uyu mama." Akaninyooshea fimbo. Nilikubali kwa kichwa.

Basi hilo ndilo jibu lenu, wadogo zangu. Wekeni. Wekeni wimbo wenu pale kila mtu atausikia, lakini kabla ya kuuweka fikirini kwamba wote mnaowataja wameketi bega kwa bega kwenye viti vya plastiki. Kama hamwezi kuuimba mbele yao hivyo, shida si mtandao. Mtandao hauna huruma ya kibanda. Mimi niliwasaidia watu kusema vitu vitatu kwa watu watatu, nikadhani ndiyo ufundi. Na msitarajie utajiri. Dieumerci mpaka leo anafundisha gitaa ili watoto wale. Ila wimbo wake unasikika, na ni uleule kila unaposikika.

Kibanda changu kilifungwa mwaka uliofuata. Iliniuma. Sitawadanganya kwamba nilifurahia maendeleo.

Lakini ile kazi ya mwisho ya Dieumerci niliifanya vizuri. Dieumerci alikuja Jumanne, akaimba upya, na jina la Furaha likaingia mara tatu, mahali pale pale palipokuwa pa mabanga. Halafu mwishoni, gitaa likiwa linatelemka, bila kuniuliza, akaongeza: "Mama Masika wa bulevadi, masikio ya Bunia!" Akaweka gitaa chini akaondoka haraka, maana ni mwoga.

Nilibaki peke yangu na kompyuta. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimebandika majina ya watu wasio na idadi, wauza simenti na wauza samaki na mpaka fundi wa nyumba ya mtu, na hakuna aliyewahi kufikiri kutaja langu. Nilisikiliza pale mwishoni mara nyingi, siwezi kuwaambia ngapi. Nililia kidogo. Muzee Kiiza alikuwa amesema jina moja.

Nikakata.

Ng'ombe walipokelewa Jumapili iliyofuata, shangazi wa Aru akapiga simu akilia kwa furaha, na wimbo ni ule mnaoujua. Kipande nilichokikata nimekihifadhi kwenye simu yangu ya zamani, nakicheza ninapochambua maharage. Ni sekunde nne tu. Hizo sijaziweka mtandaoni.